Kufunga Kitabu na Kukifungua Tena: Mwisho wa Riwaya ya Marcel Proust na Msomaji Wake

Msomaji wa kitabu kirefu na kigumu aghalabu hupatwa na jambo ambalo wahakiki hawalipimi ipasavyo. Baada ya kushindana nacho kwa miezi kadhaa, afikapo ukurasa wa mwisho hakirudishi kabatini, bali hukifungua tena pale alipoanzia. Wako wauitao mwendo huu ushabiki, na wako wauhesabuo kuwa ni ushahidi wa dosari ya kitabu, kwa hoja kwamba maandishi mazuri hutosha kusomwa mara moja. Hukumu zote mbili zina pupa, maana sababu za kurudia kitabu ni zaidi ya moja, wala hazilingani uzito. Yuko arudiaye kwa kuwa hakuelewa; huyo ni kama mtu aliyeangusha kitu njiani, naye arudi kukiokota. Yuko arudiaye kwa huzuni ya kuagana na watu aliokwisha kuwazoea. Na yuko wa tatu, aliyeelewa vya kutosha na asiyelemewa na huzuni, lakini kitabu chenyewe kimemshika bega na kumgeuza alikotoka. Huyu wa tatu ndiye anayestahili kuchunguzwa, kwa sababu hamu yake haikutoka kwake peke yake. Imetengenezwa na mwandishi.

Mfano ulio wazi kupita yote ni riwaya ya Mfaransa Marcel Proust, À la recherche du temps perdu, yaani Kuutafuta Wakati Uliopotea. Proust alizaliwa mwaka 1871 akafariki mwaka 1922. Kazi yake ina sehemu saba. Ya kwanza ilitoka mwaka 1913 na ya mwisho mwaka 1927, miaka mitano baada ya mauti yake. Maneno yake yapita milioni moja, na katika chapa ya Pléiade ya mwaka 1954 yalijaza juzuu tatu nene. Ugumu wake hautokani na msamiati. Watokana na sentensi ambazo huanza na jambo moja, zikaingiza la pili ndani ya la kwanza na la tatu ndani ya la pili, hata msomaji akalazimika kushika nyuzi nne mkononi kabla hajakifikia kitenzi kinachozifunga. Tena watokana na uchache wa matukio. Kabla kitabu hakijachapishwa, mchapishaji mmoja wa Paris alistaajabu kuona mtu atumiapo kurasa thelathini kueleza jinsi anavyojigeuza kitandani kabla ya kupata usingizi. Nyumba nyingine kadhaa za uchapishaji zilikikataa pia, na hatimaye sehemu ya kwanza ilichapishwa na Grasset kwa gharama ya mwandishi mwenyewe.

Kisa chenyewe chaweza kusimuliwa kwa maneno machache. Msimuliaji, ambaye jina lake karibu halitajwi, akumbuka utoto wake katika mji mdogo wa Combray. Ampenda Gilberte, binti wa Swann. Aingia katika majumba ya wakuu wa ukoo wa Guermantes. Ampenda Albertine kwa wivu mwingi mno, naye Albertine amkimbia, kisha afa. Muda wote huo msimuliaji atamani kuwa mwandishi, wala haandiki. Katika sehemu ya mwisho, akiwa mtu mzima aliyekwisha kukata tamaa, aenda kwenye karamu ya mchana kwa Princesse wa Guermantes. Uani akanyaga mawe mawili yasiyolingana, mara furaha isiyo na sababu yamjaa. Akumbuka mawe kama hayo aliyoyakanyaga Venice. Ndani ya nyumba mlio wa kijiko na ugumu wa kitambaa cha kujipangusia mdomo vyamfanyia hivyo hivyo. Hapo afahamu kwamba wakati uliopita haukupotea, na kwamba kazi yake ni kuuandika. Aingiapo ukumbini awakuta watu aliowajua wote wamezeeka, hata adhani wamejipaka unga usoni kwa mzaha. Afahamu kwamba naye pia amezeeka, na kwamba muda uliobaki wa kuandika ni mfupi. Riwaya yaishia hapo, kwenye kizingiti cha kazi.

Sasa yafaa kutazama mwisho huu wamfanya nini msomaji. Mtu ambaye hakuandika neno aazimia kuandika kitabu juu ya maisha yake na juu ya wakati. Na msomaji ameshika mkononi kitabu juu ya maisha hayo na juu ya wakati huo. Wako waliosema kwamba basi kitabu kitakachoandikwa ndicho kilichokwisha kusomwa, na duara limefungika. Kauli hiyo imepita mpaka kidogo, maana msimuliaji hasemi hivyo waziwazi, na si lazima kitabu anachokiazimia kiwe kile kile neno kwa neno. Lakini hata akijizuia asiseme hivyo, msomaji hawezi kuepuka kuuliza: kama mtu huyu ndiye atakayeandika, je, sauti iliyosema katika ukurasa wa kwanza ilikuwa ya nani, nayo ilisema kutoka wapi? Swali hili halikuwepo alipoanza kusoma. Limezaliwa mwishoni, na jibu lake liko mwanzoni. Hii ndiyo bawaba ya mlango wote.

Wajuzi wa tenzi watatambua hapa mpango uliopinduliwa. Mtunzi wa utenzi, kwa desturi ya zamani, humtaja Mola kwanza, kisha aghalabu huagiza wino na karatasi, na kutangaza hadithi anayotaka kuitunga. Jina lake na pengine tarehe huja mwishoni. Msikilizaji ajua tangu beti za awali kwamba yuko mbele ya kazi ya mtunzi, na mara nyingi akijua kisa chenyewe pia. Haendi kusikiliza ili apate habari za nani aliyeshinda. Aenda kusikiliza namna kisa kinavyosemwa, na kukisikiliza mara ya kumi hakumchoshi. Proust aliahirisha wino na karatasi hadi kurasa za mwisho. Kwa hiyo msomaji wake wa mara ya kwanza asoma bila kuwa na kile ambacho msikilizaji wa utenzi hupewa tangu mwanzo, na ni mara ya pili tu anapoketi mahali pa msikilizaji huyo.

Mpango huu umetiwa hata katika sarufi. Masimulizi ya Kifaransa cha vitabu siku zile yalikuwa na wakati wake maalumu, uliokata tukio na kuliweka mbali na msemaji. Sentensi ya kwanza ya Proust hautumii. Yatumia wakati timilifu, ule wa mazungumzo na barua, ambao humfungamanisha msemaji na jambo analolisema. Mtu asomaye mara ya kwanza hupita juu yake bila kujikwaa. Asomaye mara ya pili hustuka, kwa sababu sasa ajua kwamba yuko mtu hapa, katika saa fulani, atazamaye nyuma. Mfasiri wa Kiswahili angekutana na shida ya kweli. Akiandika kwa mfano wa "nilisoma", atakuwa amekata. Akiandika "nilikuwa nikisoma", atakuwa ameeleza mazoea ya zamani na kumficha msemaji. Akiandika "nimekuwa nikisoma", atadai kwamba mazoea yanaendelea hadi leo, jambo ambalo Kifaransa hakikulisema. Kila chaguo ni tafsiri ya kitabu kizima, wala hakuna awezaye kuchagua kwa haki kabla hajafika mwisho.

Yaliyofuata katika Combray yana mkasa mwingine wa nyakati. Gérard Genette, katika uchunguzi wake wa mwaka 1972, alionyesha jinsi Proust apendavyo kusimulia mara moja jambo lililotokea mara nyingi: matembezi ya kila juma, chakula cha kila Jumamosi. Kiswahili kina kiambishi hu-, ambacho hakina nafsi wala wakati, nacho chaeleza mazoea kwa ufupi usio na kifani. Lakini kwa kuwa hakina wakati, hakiwezi peke yake kusema kwamba mazoea hayo yamekwisha, na huzuni yote ya Combray imo katika kwisha huko. Katika usomaji wa kwanza, kurasa hizo za mazoea huonekana kama maelezo yasiyo na haraka. Katika wa pili huonekana ni maombolezo.

Mbali na sarufi, yamo mambo ambayo mwandishi aliyazika mwanzoni ili yafukuliwe baadaye. Mtoto amkuta nyumbani kwa mjomba wake bibi mmoja aliyevaa nguo za rangi ya waridi, asimjue; baadaye sana afahamu kwamba alikuwa Odette, ambaye angekuja kuwa mke wa Swann. Mchoraji wa mizaha katika baraza ya Verdurin, aitwaye Biche, ndiye Elstir, msanii mkubwa wa sehemu za baadaye. Vinteuil, mwalimu mnyonge wa piano ambaye watu wa Combray wamhurumia, ndiye mtunzi wa muziki unaotikisa maisha ya Swann. Na Swann mwenyewe, asikiapo jina hilo, hadhani hata kidogo kwamba mzee huyo amjuaye aweza kuwa ndiye. Gilberte, alipomwona mtoto kwa mara ya kwanza kupitia ua wa mimea, alifanya ishara ambayo mtoto aliichukua kuwa ya dharau. Miaka mingi baadaye, Gilberte akiwa mke wa mtu, amweleza kwamba ilikuwa ishara ya kumtaka. Na njia mbili za matembezi, ya upande wa Swann na ya upande wa Guermantes, ambazo mtoto aliamini kuwa haziwezi kukutana kabisa, zilikuwa zaungana. Gilberte huyo huyo ndiye amwambiaye.

Orodha hii yaweza kumshawishi mtu akubaliane na Vladimir Nabokov, ambaye katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1980 alidai kwamba kitabu hakisomwi, hurudiwa tu. Hoja yake ni kwamba jicho la msomaji wa kwanza lashughulika na kusogea kutoka mstari hadi mstari, na kwamba ni katika kurudia tu ndipo kazi nzima huonekana kwa pamoja, kama mchoro ukutani. Hoja hii ina nguvu kwa vitabu vingi. Kwa Proust ina upungufu, kwa sababu yauchukulia usomaji wa kwanza kuwa ni kazi ya kibarua, matayarisho tu ya usomaji wa haki.

Ukweli ni kwamba makosa ya msomaji wa kwanza ni kiungo cha kazi hii. Mtoto amdhania Gilberte vibaya. Msomaji naye amdhania vibaya pamoja naye. Mtoto aamini kwamba njia mbili hazikutani. Msomaji achora ramani hiyo hiyo kichwani mwake. Lau msomaji asingekosea, ungamo la Gilberte lingekuwa habari ndogo ya mapenzi ya utotoni. Kwa kuwa alikosea, na akaishi na kosa hilo kwa kurasa maelfu, habari hiyo yamwonyesha jambo asiloweza kufundishwa kwa maelezo: kwamba mtu aweza kubeba maisha yake yote maana potofu ya tazamo moja. Msomaji wa pili hawezi kukosea tena. Aweza tu kukumbuka kwamba alikosea. Basi usomaji wa pili hauufuti wa kwanza. Wausimamia juu yake, na pasipo wa kwanza hauna pa kukanyaga.

Wasomaji wa awali waliyajua haya kwa namna ambayo hakuna atakayeijua tena. Aliyesoma sehemu ya kwanza mwaka 1913 alikuta, katika kisa maarufu cha keki iliyochovywa katika chai, msimuliaji akisema kwamba sababu ya furaha yake ataieleza baadaye sana. Baadaye hiyo ilikuja mwaka 1927. Kati yake ilipita vita kuu, na mwandishi akafa. Wahakiki waliomlaumu Proust kwamba aandika kumbukumbu ovyo, pasipo mpango, hawakuwa wajinga. Walikuwa wakihukumu nyumba kwa kuona ukuta mmoja. Mwaka 1919 Proust alimwandikia mhakiki Paul Souday kumweleza kwamba sura ya mwisho ya juzuu ya mwisho aliiandika mara tu baada ya sura ya kwanza ya juzuu ya kwanza, na kwamba yaliyo katikati yalifuata. Msomaji wa mwaka 1913 aliyekuwa hai mwaka 1927 hakuwa na hiari. Ilimpasa kurudi, na aliporudi alikuwa na umri wa miaka 14 zaidi. Alikuwa yeye mwenyewe miongoni mwa wageni wa karamu ile ya wazee.

Hata hivyo iko pingamizi kubwa, nayo haikutoka kwa adui wa kitabu. Yatoka ndani yake. Katika utoto wa msimuliaji upo usiku mmoja ambao mama yake, kinyume cha kawaida ya nyumba, alilala chumbani mwake na kumsomea François le Champi, riwaya ya George Sand. Mama aliruka kila mahali palipohusu mapenzi, hata watu wa hadithi wakaonekana kubadilika bila sababu, na mtoto akadhani kwamba hapo ndipo ulipo uzito wa hadithi. Katika sehemu ya mwisho, akingoja katika maktaba ya Guermantes, msimuliaji akuta kitabu hicho rafuni, na usiku ule wamrudia wote. Tungo hili ni la kusoma tena. Lakini hapo hapo asema kwamba, kama angekuwa na nakala ile ile aliyosomewa na mama, asingeitazama kamwe, kwa hofu kwamba fikira za leo zingejipenyeza ndani yake kidogo kidogo na kuzifunika zile za zamani, mpaka nakala hiyo ishindwe kumwita tena yule mtoto. Basi kitabu kinachomgeuza msomaji arudi mwanzo chamwonya pia kwamba kurudi kwaweza kuua kile anachokirudia.

Onyo hili halipaswi kupuuzwa, kwa maana ni la kweli. Kila aliyerudia kitabu alichokipenda ujanani ajua hasara yake: Combray ya mara ya pili imejaa alama za kalamu na majina ya baadaye, na bibi wa nguo za waridi si mgeni tena. Kuna kitu kilichokufa. Suluhisho, kama lipo, liko katika kutenga mambo mawili yanayochanganywa. Anayerudi ili apate tena furaha ya mara ya kwanza atatoka mikono mitupu, na atakuwa amekiharibu kitabu chake. Anayerudi ili apime umbali kati ya msomaji aliyekuwa na msomaji aliye sasa, huyo atapata, kwa sababu umbali huo ndio wakati, na kitabu chote ni juu ya huo. Msimuliaji mwenyewe asema kwamba wasomaji wake hawatakuwa wasomaji wake hasa, bali wasomaji wa nafsi zao, na kitabu chake kitakuwa kama kioo cha kukuzia wanachopewa na muuza miwani. Kioo hakina haja ya kutumiwa mara moja. Lakini aliyekitazamia mwaka huu na akakitazamia tena mwezi ujao ataona macho yale yale.

Kutokana na hayo yaja mashauri mawili. La kwanza ni kwamba hamu ya kuanza upya siku ile ile ya kumaliza ni ya haki, lakini si lazima itiiwe siku ile ile. Kurasa chache za mwanzo zafaa kusomwa mara moja, ili sauti isikike kwa sikio jipya. Mengine yangojee miaka. Wala kurudia hakupendezeshi kila kitu. Kurasa za wivu wa msimuliaji juu ya Albertine hubaki nzito, na sehemu tatu zilizochapishwa baada ya mauti ya mwandishi zina mishono iliyoachwa wazi: Bergotte, mwandishi aliyekwisha kufa, atajwa tena baadaye kana kwamba yu hai. Msomaji wa pili huziona dosari hizi vizuri zaidi ya wa kwanza, na uaminifu wamtaka azitaje.

Shauri la pili lawahusu walimu na wahariri. Imekuwa desturi kumkabidhi mwanafunzi muhtasari na orodha ya wahusika kabla hajafungua kitabu kirefu, ili asipotee. Nia ni njema, na kwa vitabu vingine haidhuru. Kwa kitabu cha namna hii, muhtasari wampora mwanafunzi usomaji wa kwanza na haumpi wa pili. Maana atajua kwamba njia mbili zakutana bila ya kuwahi kuamini kwamba hazikutani. Atakuwa amefika bila kusafiri. Afadhali apotee, akosee, hata achoke, kisha ageuzwe na kitabu chenyewe. Mhakiki naye aliyesoma mara moja na akatoa hukumu juu ya mpango wa kazi nzima yafaa akumbuke waliohukumu mwaka 1913.

Karibu na mwisho wa kitabu msimuliaji asikia mlio wa kengele ya lango la bustani ya Combray, ile iliyolia Swann alipokuwa akiondoka usiku ule wa utotoni, na atambua kwamba mlio huo haujapata kukoma ndani yake. Yeye ndiye aliyeacha kuusikiliza. Msomaji aliyefika hapo alikwisha kuusikia mlio huo katika kurasa za mwanzo, naye aliusahau, kwa kuwa wakati ule ilikuwa kengele tu. Hana haja ya kuambiwa arudi. Mkono wake umekwisha kuzishika kurasa za kwanza.